Gemu ya Mkwe Asiyesema

Mtu akiingia dukani kwangu na kusema gemu ni upuuzi wa watoto, simjibu. Namvutia kiti mbele ya kompyuta iliyo karibu na mlango, namfungulia gemu ya Atupele, namwacha. Akifika kwenye kikao cha ukoo nasikia anavyoanza kubonyeza kwa nguvu. Hapo ndipo namuuliza kama bado ni upuuzi.

Naandika haya nikiwa na hasira, na asitokee mtu wa kuniambia nipoe kwanza. Nimepoa vya kutosha. Mimi ni Mnyiha wa Mbozi, nimekulia kwenye mibuni, na nyumbani kwetu mtu akionewa anasema, na asiposema yeye anasemewa. Atupele ni Mndali wa Ileje. Ameonewa, akanyamaza, basi leo nasema mimi.

Steshenari yangu iko Tunduma, kwenye barabara ya mpakani, pale malori yanapokaa foleni mpaka madereva wanaota ndevu. Atupele alikuja akiwa msichana, ametokea kijiji kimoja juu ya Isongole, amesoma kompyuta Mbeya kwenye chuo cha ghorofani mpaka ada ilipokatika. Aliniomba kazi ya kuchapa nikampa. Anachapa haraka, hana makosa, hana maneno mengi. Hilo la maneno nililipenda mwanzoni, maana mimi ninayo ya kututosha wawili.

Akaolewa na Jairo Kibona, Mndali mwenzake, kijana wa forodha, mcheshi. Jairo alikuwa na kompyuta ya mkononi ya zamani, na ndani yake gemu za kila aina, zile ambazo unakuwa mtu mwingine katika nchi nyingine, unazunguka, unazungumza na watu, unachagua la kuwajibu. Walikuwa wakicheza pamoja baada ya kula. Jairo alikuwa mtu wa upanga. Akimwona mtu amesimama njiani anataka ampige kwanza, salamu baadaye. Atupele alikuwa mtu wa maneno. Alimfuata kila bibi kizee wa kwenye gemu, akamuuliza kila kitu, akarudi kumuuliza tena, mpaka Jairo analala na kichwa kwenye mto.

Dukani ndipo nilipokuwa nasikia hukumu zake. Hakupenda gemu zinazoanza kwa kukubandikia kurasa za historia. "Mama Lusajo," aliniambia siku moja akiwa anakata kadi za harusi, "nani anafika ugenini akasomewa wafalme saba kabla hajapewa maji ya kunywa? Ugenini unajifunza kwa kutazama. Unaona nani anakaa wapi, nani anapishwa, nani hatajwi. Ukikosea, hakuna anayekwambia. Unaona tu watu wamebadilika."

Na kitu kingine alichokichukia ni majibu ya uongo. Gemu inakupa majibu matatu, moja la upole, moja la ukali, moja la mzaha, na yote yanakupeleka palepale. "Huo ni mlango mmoja umepakwa rangi tatu," alisema. Mtu anachagua neno kwa sababu anataka kitu au anaogopa kitu. Kama hakuna cha kupata wala cha kupoteza, anabonyeza tu ili apite. Mimi nilikuwa nacheka. Nilidhani ni mazungumzo ya kupitishia siku.

Baada ya kuolewa alianza jambo lililonishangaza. Akija mteja anayeitwa Fanueli, Atupele anachapa barua yote, akifika kwenye jina ananiita. "Mama Lusajo, nisaidie hapa." Nachapa jina mimi, anaendelea. Nikamuuliza kulikoni. Baba mkwe wake ni mzee Fanueli Kibona wa Isongole, na mkwe hatamki jina la baba mkwe. Hata kwa vidole, inaelekea.

Kwao Undali mke wa mtoto hamkabili baba wa mume wake. Hali chakula naye, hakatizi mbele yake, hamtazami, sauti yake haimfikii. Akiwa na neno la kumwambia, analituma kwa mtu. Ni heshima, na sina ugomvi na heshima ya mtu. Wengi siku hizi wamelegeza, mjini hasa, na makanisani pia. Nyumba ya mzee Fanueli haikulegeza hata uzi mmoja. Atupele alilelewa hivyo na hakuona shida yoyote. Akienda ukweni alikuwa anapita nyuma ya nyumba kwenye kijia cha wanawake, anarudi salama, anasifiwa. Shida ilikuja Jairo alipokufa.

Figo zilimmaliza kabla mtoto wao, Gwantwa, hajaanza darasa la kwanza. Tulimpeleka Isongole, tukamzika mvua ikinyesha. Baada ya matanga ukoo ukakaa kikao. Wanaume walikuwa sebuleni na mzee Fanueli. Atupele alikuwa chumba cha ndani na wanawake, amejifunika kanga, na katikati kuna pazia. Ajenda ilikuwa mtoto atakaa wapi. Mzee akatuma aulizwe mama mtu anasemaje.

Aliyetumwa ni Boazi, mdogo wake marehemu. Kikaoni anayebeba maneno lazima awe mwanamume wa ukoo, na Boazi ndiye aliyekuwa kipenzi cha wote, mtu wa kwaya, mtu wa "shemeji umekula?" Akainua pazia, akainama, akauliza kwa upole. Atupele akamjibu, "Mwambie baba, mtoto anabaki na mimi." Boazi akaitika, akashusha pazia, akarudi sebuleni. Na Atupele akamsikia kwa masikio yake akisema, "Shemeji anasema mtoto ni wa ukoo, mchukueni."

Alisikia. Wanawake waliokuwa naye walisikia. Mmoja akamfinya mkono. Na Atupele akakaa kimya, kwa sababu kupaza sauti mpaka imfikie baba mkwe ni kitu ambacho hajawahi kukifanya wala kumwona mtu akikifanya, na siku hiyo mume wake alikuwa bado hajapoa kaburini. Mzee akasema sawa. Boazi na mkewe wakakabidhiwa Gwantwa.

Wanasema mjumbe hauawi. Aliyesema hivyo hakumjua Boazi. Wanasema pia Boazi na mkewe hawajajaliwa mtoto, kwa hiyo tuwaelewe. Sitawaelewa. Asiye na ng'ombe haingii zizi la jirani wakati jirani yuko msibani.

Aliponisimulia, nilimuuliza swali ambalo hata ninyi mnaliuliza. "Kwa nini hukupiga kelele? Mimi ningepiga kelele mpaka Malawi wasikie!" Akasema, "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, Mama Lusajo." Akarudi kwenye kazi.

Alijaribu kila njia. Alikwenda Isongole, mke wa Boazi akamwambia mtoto yuko shule, na shule ikifungwa, mtoto amekwenda kusalimia ndugu ng'ambo ya mpaka. Alituma wazee wa kanisa. Mzee Fanueli akawajibu kwamba mama mwenyewe alikubali mbele ya ukoo. Alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii, wakamuuliza kama kikao kilifanyika na kama alipinga. Kikao kilifanyika. Na kupinga alipinga kwa nani? Kwa Boazi. Wifi yake, Tumpe, dada wa marehemu, alikuwa ameolewa Chitipa, Malawi, na hakuwepo kikaoni. Tumpe akaamini kama wengine kwamba Atupele amemtoa mtoto wake ili awe huru mjini. Akaacha kupokea simu zake.

Ndipo Atupele alipoanza kutengeneza gemu. Alipata programu ya bure, akajifundisha kwenye kompyuta zangu saa ambazo hakuna wateja. Picha alichora kwa penseli, akazipiga kwa simu. Niliona mwanamke amebeba mzigo kichwani, ua, nyumba ya bati, bibi anachambua maharage. Nikafurahi kwamba amepata cha kumliwaza. Sikujua ni nini.

Aliiita Ukweni. Wewe mchezaji ni mke mgeni unafika kwa wazazi wa mumeo. Hakuna maandishi ya kukueleza uko wapi wala mila ni ipi. Umesimama uani na mzigo. Bibi anachambua maharage, anakutazama. Unaweza kumsalimu kwa kupiga magoti, unaweza kuuliza baba mkwe yuko wapi, au unaweza kutua mzigo ukaanza kuchambua naye. Ukiuliza baba mkwe yuko wapi, bibi anakusanya maharage yake, anaingia ndani. Basi. Hukukemewa, hukupunguziwa alama. Ila tangu hapo kila unayemsemesha anakujibu neno moja, na kibuyu cha maji kinapita mbele yako hakisimami.

Wateja wangu wakaanza kuicheza wakisubiri kopi zao. Wote walikosea palepale, Msafwa, Mchaga, Mzambia, wote. Wakaniambia gemu ni mbovu. Nikamwendea Atupele nikamwambia aweke ukurasa mmoja tu mwanzoni wa kueleza kwamba kwao mkwe hasemi na baba mkwe. Tukagombana. "Nikiwaambia, watajua," alisema. "Nataka waone aibu kwanza, halafu ndiyo wajue." Nikamwambia watu hawanunui aibu. Akasema hauzi.

Na alikuwa sahihi, nasema hivyo kwa shingo upande. Dereva mmoja Mzambia wa Kitwe, Lucky, aliyekwama foleni na mzigo wake wa shaba, alirudi dukani kila siku. Mara ya kwanza alitukana. Mara ya pili akaanza kutazama. Akagundua wifi mtu akirudi kisimani hapiti uani, anazunguka nyuma, na nyuma kuna kijia kimelainika kwa miguu. Akagundua kuna vigoda viwili na kimoja kila mara kimefunikwa, na kikifunuliwa tu wanawake wote wanaondoka. "Kumbe bamayo," akaniita mama kwa Kibemba, kwa furaha, "huyu mzee hasogelewi!" Hakuna aliyemwambia. Alijua kwa namna ambayo mkwe mwenyewe anajua, na tangu hapo alikuwa anachagua majibu yake kwa woga, anasoma yote matatu, anarudia, anakuna kichwa.

Maana kazi inaanzia hapo. Ukishajua kwamba husemi na mzee, unagundua kwamba kila neno unalochagua, unachagua na wa kulibeba. Na gemu inakuonyesha neno lako, halafu inakuonyesha lilivyofika. Kuna shangazi ambaye hufupisha, ukimwambia sentensi ndefu ya shukrani, anafikisha "ameshukuru." Kuna binamu anayefikisha kila kitu, mpaka ulilomwambia alifiche. Na kuna shemeji. Shemeji anafikisha vizuri kuliko wote. Ukiomba chumvi, inakuja. Ukiomba ruhusa ya kwenda kumwona mama yako mgonjwa, anaipamba mpaka mzee anakupa na kuku wa kupeleka. Wachezaji wote walimpenda shemeji. Lucky alisema angekuwa na shemeji kama huyo asingehangaika na dunia.

Halafu mume anakufa, na kinakuja kikao.

Pale hakuna shangazi wala binamu. Pazia linainuliwa, ni shemeji, anauliza mtoto akae wapi. Una majibu matatu. Lucky akachagua "Mtoto anabaki na mimi." Pazia likashuka. Skrini ikaandika alichofikisha shemeji: "Anasema mchukueni." Lucky akadhani amebonyeza vibaya. Akarudia. Akachagua lile refu lenye sababu zote. "Anasema mchukueni." Akachagua lile fupi kabisa, neno moja tu, Hapana. "Anasema mchukueni."

"Awe, bamayo! Awe!" Lucky alikataa kwa Kibemba chake, akasimama, kiti kikaanguka. "Gemu yako imeharibika. Nasema hapana, inaniandikia ndiyo!"

Atupele alikuwa kwenye mashine ya kopi. Hakugeuka. "Haijaharibika," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekaa nacho dukani miezi yote ile. Nilitaka kulia, nikaona bora nigombe. Wateja walipoondoka nilimwambia ampe mchezaji njia. Amwekee jibu la nne. Apite pazia, amwite jirani, afanye lolote, mradi ashinde. Mtu hachezi gemu ili ashindwe kila akiicheza.

"Mimi nilipewa jibu la nne?" akaniuliza.

"Wewe ulikuwa na mdomo!"

Nilisema hivyo, na sikuomba radhi, wala yeye hakunidai. Alifunga kompyuta, akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani kwenye vyumba viwili visivyo na mtoto.

Wiki ile nikasikia kwa mtu wa Isongole kwamba Tumpe ameachana na mume wake wa Chitipa, amerudi kwa baba yake, anamhudumia mzee aliyeanguka akaumia nyonga. Nikatafuta namba yake. Nikamtumia ile gemu kwenye simu, nikaandika tu kwamba kuna mtu ametengeneza gemu ya kwenu Undali, muicheze. Sikumwambia Atupele kwanza. Angekataa. Nilituma kwa hasira na leo ningetuma tena.

Nilipomwambia, alibadilika rangi. "Umepeleka sauti yangu kwa baba mkwe," alisema. Nikamwambia si sauti, ni maandishi. Akasema maneno ni yake, kila mstari ameuandika yeye, na mzee akiyasikia ni sawasawa na yeye kusimama mbele yake amefunua kichwa. Kama mtoto alikuwa na nafasi ya kurudi, nimeiua. Hakunisemesha tena siku zile. Alikuja, alichapa, aliondoka, na hata akija Fanueli mteja aliniachia nafasi ya jina bila kuniita.

Yaliyotokea Isongole nayajua kwa Tumpe, aliyenipigia baadaye. Alikuwa anaicheza usiku na mchana, akaanza kumsomea baba yake kwa sauti maana mzee hana kazi na nyonga inamuuma. Mzee akapenda. Alicheka pale kibuyu kilipopita bila kusimama. Akamnyang'anya Tumpe uchaguzi, akawa anaamuru yeye: "Hapo atulie. Hapo achambue maharage. Hapo azunguke nyuma." Mzee Fanueli Kibona, baba mkwe mzima, akawa anacheza kama mke wa mtoto wake, na ndiye mchezaji wa kwanza aliyefika kikaoni bila kukosea hata mara moja. Mila yote anaijua. Alichokuwa hajawahi kukijua ni upande ule mwingine wa pazia.

Shemeji akauliza. Mzee akasema, "Achague hapana." Tumpe akabonyeza. "Anasema mchukueni."

"Rudia," mzee akasema.

Tumpe akarudia.

"Rudia. Lile jingine."

Walirudia mpaka Tumpe akachoka, na mzee akawa haangalii tena simu, anaangalia ukuta. Halafu akauliza nani ametengeneza kitu hiki. Tumpe akasema hajui, kimetoka Tunduma. Mzee akasema, "Mwite Boazi."

Boazi alikataa. Akasema huo ni mchezo wa watoto wa mjini. Ndipo mmoja wa wale wanawake waliokuwa chumba cha ndani, yule aliyemfinya Atupele mkono, akasema akiwa jikoni kwamba yeye alisikia. Mwingine naye akasema alisikia. Miaka miwili wamekaa nalo, mama zangu, wanasonga ugali nalo, wanaimba kwaya nalo, na Boazi anaimba besi nyuma yao! Mke wa Boazi akaanza kulia. Boazi akakaa chini.

Tumpe akamleta Gwantwa kwa gari la asubuhi. Alileta na jogoo, doti ya kitenge, na neno la mzee. Neno lenyewe lilikuwa, "Mwambie sikusikia."

Mnaona? Hata hilo lilikuja kwa mjumbe. Mzee hakusema nimekosa, hakusema nisamehe. Hakusikia! Alikuwa na masikio, alikuwa na miguu, pazia lilikuwa hatua chache kutoka kiti chake, na kulikuwa na wanawake kumi wa kuwauliza. Alimuuliza mmoja tu, yuleyule aliyetaka kumchukua mtoto. Nilimwambia Tumpe ampelekee jibu langu kama nilivyolitamka, na Tumpe, ambaye ni mtu mstaarabu, akasema, "Mama Lusajo, hilo siwezi kulifikisha." Atupele alipokea kitenge kwa mikono miwili. Akasema mwambieni baba ameshukuru. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikatazama malori.

Mnadhani hasira yangu imeishia hapo, mtoto amerudi, jogoo ameliwa. Ngojeni.

Gwantwa alirudi mkubwa. Alisalimia kwa adabu zote, alipiga magoti kwa mama yake kama anavyowapigia wageni. Alikula, aliosha vyombo, alilala. Hakumkimbilia mama yake hata mara moja. Atupele aliniambia ataizoea nyumba, mtoto ni mtoto. Nami nikasema ndiyo, kwa sababu ungesema nini?

Jumamosi moja walikuwa wote dukani. Gwantwa akakaa kwenye ile kompyuta ya karibu na mlango, akaifungua gemu. Alishamwona babu yake akiicheza, anajua pa kupita. Alicheza kimya mpaka kikaoni. Akachagua hapana. Akasoma kilichofikishwa. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake na karatasi za mteja mkononi.

"Mama, huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Baba mdogo aliniambia wewe ndiye ulisema nichukuliwe."

"Nilisema hapana."

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia yeye, baba yako mdogo."

Gwantwa akafikiri. Yule mtoto ana paji la Jairo, likikunjana linakunjana kama la mtu mzima. "Na alipomwambia babu ndiyo, wewe ulisikia?"

Atupele akanitazama mimi. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe, mimi niliyemuuliza jambo hilohilo kwa makelele, nilitafuta la kumsaidia nikakosa. Nilitaka kumfokea yule mtoto. Nilitaka kumwambia mama yako alilelewa, mama yako alikuwa na msiba, mama yako amekutengenezea nchi nzima uione. Nilitaka kumkamata shingo kila aliyewahi kukaa kwenye kile kikao.

"Nilisikia," Atupele akasema.

"Nyuma ya lile pazia la sebuleni kwa babu? Mimi nilikuwa nalifua." Gwantwa hakusema kwa ukali. Alikuwa anamweleza mama yake kitu ambacho labda hakukijua. "Lile ni pazia tu, mama."

Akaizima kompyuta, akaomba ruhusa ya kwenda nje.